Mifuko ya kunyonya hewa iliniaibisha kwenye mizani: jinsi nilivyofunga mzigo wa mama kwa chandarua kuukuu

Wakuu, heshima kwenu wote, wakongwe na wageni wa jukwaa.

Nimeona mdau mmoja anauliza zile packing cubes za bei nafuu, vile vifuko vya kupangia nguo ndani ya sanduku la safari. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi, ndiyo maana nimefungua uzi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ingawa chumvi yenyewe ipo humu, mtaikuta mbele.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwetu ni Kivu Kusini, Congo. Tulitoka huko nikiwa na miaka saba. Nashona magauni, sare za shule na mapazia, na zipu nyingi za upande huu zimepita mkononi mwangu. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba aliyefanya ujinga mtakaousoma ni mtu anayeelewa vitambaa.

Iko hivi. Mama na mdogo wangu Furaha walipata safari.

Waliokaa kambini wanalijua neno hilo. Ni miaka ya mahojiano, vipimo na kungoja, halafu siku moja simu inalia unaambiwa utaondoka baada ya wiki mbili kwenda nchi ya baridi. Jina langu halikuwemo. Nilipooa, faili langu lilitenganishwa na la mama, na mpaka leo linatembea mwendo wa kinyonga. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kusindikiza tu.

Waliambiwa kila mtu sanduku moja la kilo ishirini na tatu, na kimfuko kidogo cha mkononi.

Mama ana miaka sitini na kitu. Maisha yake yote yaingie humo. Nikajiambia, siwezi kumzuia kuondoka na siwezi kuondoka naye, lakini mzigo wake nitaufunga mimi, mtoto wake wa kwanza, na hakuna kitu chake kitakachobaki nyuma. Ahadi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa kuna jambo moja la mama lazima mlijue kwanza.

Nyuma ya mlango wake kulikuwa na furushi. Lilikuwa limefungwa kwa kikwembe cha kijani, yaani kitenge kwa ninyi wa pande nyingine, mafundo mawili juu. Lilikuwa furushi la kukimbia. Likitokea la kutokea, mama analikamata anatoka nalo, hatafuti kitu kingine.

Hapa Nakivale tumelala salama miaka yote hii, lakini furushi halikuondoka pale. Kila mwaka mpya, tukishatoka kanisani, mama alikuwa anajifungia ndani, analifungua, anabadilisha vitu fulani, analifunga tena. Sisi watoto hatukuwahi kuona kilichomo. Ukiligusa, unachapwa.

Haya, turudi kwenye mada ya mdau.

Nilianza kwa YouTube kama watu wote. Nikaona wazungu wanapanga soksi kwenye vifuko vya rangi kama wanapanga mayai. Nikavutiwa. Mama alikuwa na miadi ya macho pale hospitali ya Ruharo, Mbarara, maana aliwahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo tukaunganisha safari. Boda mpaka Kabingo, pale tukapanda gari la Mbarara. Daktari akasema macho yako vizuri ila matone aendelee nayo kila siku, hata safarini. Tukaenda mjini.

Duka la kwanza walikuwa na seti ya vifuko sita vyeusi. Nilivikagua kifundi. Mkuu unayeuliza, sikiliza hapa: usinunue kabla hujageuza kifuko ndani nje. Kama kingo za mshono zinatoa nyuzi, hicho kitapasuka safari ya pili. Zipu uivute huku kifuko kimejaa, siyo kitupu, maana zipu yoyote ni nzuri kwenye kifuko kitupu. Na upime uzito wake mkononi. Vile vyeusi vilikuwa na kitambaa kigumu chenye sponji, vinapendeza, lakini seti nzima ilikuwa nzito kama jozi ya viatu, na bei yake ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kushona. Nikaviacha.

Jirani yake ndipo nikakutana na adui yangu, mifuko ya kunyonya hewa.

Muuzaji alitandika blanketi zima mbele yetu, akaliingiza kwenye mfuko wa plastiki, akafunga, akapiga kipampu cha mkono. Blanketi likanywea mpaka likawa kama chapati. Wakuu, nilichanganyikiwa. Nikaona mama anaondoka na nyumba nzima.

Mama aliangalia ile chapati ya blanketi, akaibonyeza kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Bahati, na uzito imeenda wapi?"

"Mama, imebanwa. Angalia ilivyokuwa ndogo."

"Naona iko kidogo. Niko nakuuliza uzito. Maharagi ukiikanyaga mu gunia, gunia inakuwaka mwepesi?"

Nilicheka. Kweli kabisa, nilimcheka mama yangu mbele ya muuzaji. Nikanunua mifuko minane na pampu yake.

Kutoka hapo tukaenda kwa Mama Patience kununua masanduku ya mtumba. Huyu ni mke wa mwanajeshi, anaishi kambi ya jeshi pale Mbarara na anauza mabegi sokoni. Mimi huwa namtengenezea zipu zilizokufa, ndiyo tumezoeana.

Nilipomwambia mama kwamba huyu ni muke ya soda, ndivyo tunavyowaita wanajeshi kwetu, nilihisi mkono wake umenibana. Kwetu neno hilo halikuwa la mchezo. Mama Patience hakujua lolote. Alimvutia kigoda, akampa maji, akamwita mukaaka, yaani bibi kwa lugha ya huku.

Alituchagulia masanduku mawili ya kitambaa, siyo yale magumu. Akasema yale magumu yanakula kilo zako kabla hujaweka hata kijiko. Halafu akaniuliza nitapangaje ndani. Nikamwonyesha mifuko yangu kwa mbwembwe.

"Banange, fundi," akasema. "Hii kitu iko ya kuweka blanketi nyumbani. Si ya safari. Sisi watu ya barracks tunahama kila saa. Mzee wangu wakimupa transfer, lori inakuja asubuhi. Mimi sipangi nguo na nguo, sahani na sahani. Napanga kwanza kitu ya siku ya kwanza. Ukifika, mahali hujui, umechoka, utafungua mizigo kumi kutafuta sabuni?"

Mama aliinua kichwa. "Huyu mwanamuke amekimbiaka?"

"Hapana mama, anahamaka tu."

"Anajua," mama akasema.

Mama Patience akatoa mfuko wa wavu ambao mume wake alirudi nao kutoka kazini nje ya nchi. Akasema, "Ona, unaona kila kitu bila kufungua. Ukitaka soksi, unaenda kwa soksi." Mimi niliuona kama mfuko wa vitunguu. Nikashukuru, nikalipia masanduku, tukaondoka.

Nyumbani nikapiga pampu.

Wakuu, sifa ni kitu kibaya. Nilibana vikwembe vya mama, masweta, mashuka, koti zito alilopewa na mchungaji, kila kitu kikawa chapati. Masanduku yote mawili yakajaa nusu tu. Majirani wakaja kutazama. Mwingine akaomba apige pampu kidogo. Nilijiona injinia.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni la sisi watu wa kambi tu.

Kwetu mtu akipata safari, mzigo wake si wake peke yake. Kila aliye na mtoto, dada au shangazi kule nje ataleta kitu cha kupelekwa, na kukataa ni kama kumwambia ndugu yake amekufa. Mwenye sanduku lililojaa angalau ana kisingizio. Mimi sanduku langu lilikuwa wazi nusu na majirani wote walikuwa wameliona kwa macho yao!

Wakaleta. Unga wa mihogo, vikwembe, viatu vya kanisani, sufuria. Mama Esperance, jirani yetu wa karibu kabisa, alileta furushi la blanketi, nguo za mtoto na mwiko wa ugali, kwa ajili ya binti yake aliyejifungua kule na mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Nilipokea vyote. Nikasema karibuni, nafasi ipo, na nikabana.

Siku nne kabla ya safari, asubuhi, Furaha aliniita yaya, yaani kaka, kwa kelele.

"Yaya, kuja! Valizi yangu imepasuka!"

Mifuko miwili ilikuwa na tundu dogo karibu na mdomo. Ilikuwa imevuta hewa taratibu mpaka ikavimba, zipu ya sanduku ikashindwa, na mashuka yakamwagika sakafuni kama utumbo. Zipu hiyo niliibadilisha mimi mwenyewe juzi yake. Basi nikarekebisha zipu, nikaziba matundu kwa gundi, nikabana upya, na nikasema kabla ya kuendelea twende tupime.

Tulikwenda kwa mnunuzi wa mahindi pale senta ya maduka, ana mizani ya kuning'iniza. Watu wakafuata, wengi wao ndio walioleta mizigo. Sanduku la mama likatundikwa.

Thelathini na saba.

La Furaha, thelathini na tano.

Mnunuzi wa mahindi akagonga mizani, akapima tena, ikasema vilevile. Akaniuliza kama nimepakia mawe. Watu wakacheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa ananiangalia tu, na nikakumbuka gunia la maharagi. Aibu niliyoipata pale siwezi kuipima kwa mizani yoyote.

Tulirudi nyumbani. Furaha alikuwa analia, kwa sababu alishasikia habari za watu waliofunguliwa masanduku mbele ya basi na kuacha vitu vyao barabarani. Alimfikiria mama akichagua vitu vyake chini kwenye vumbi, huku watu wanamwambia afanye haraka. Mimi pia nilikuwa naiona picha hiyo.

Mama akatandika mkeka. Akasema, "Toeni byote."

Tukatoa vyote, ikawa kama duka. Mama akaketi katikati, akasema kwa Kiswahili chetu, kile kinachoita vitu bintu na watu bantu.

"Ile mwanamuke ya soda alisema vizuri. Tunaanza na bintu ya siku ya kwanza. Tukifika kule, kabla bantu hawatujui, tutahitaji nini?"

Akaanza kuokota mwenyewe. Matone ya macho. Sabuni. Kikwembe kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujifunika. Sweta. Nguo za ndani. Biblia, ya Furaha kumsomea. Alipanga marundo madogo madogo, na mimi nikaanza kuona kitu ambacho YouTube haikunionyesha. Mama hakuwa anapanga kwa aina. Alikuwa anapanga kwa zamu, kitakachohitajika kwanza, halafu kinachofuata, na cha mwisho chini kabisa.

Tatizo likabaki, hayo marundo yatakaa ndani ya nini? Nikaukumbuka ule mfuko wa vitunguu.

Nilikuwa na chandarua kilichochanika vibaya ambacho tulishakitoa kitandani. Msianze kunipiga mawe, wakuu. Sijakata chandarua kizima, na watoto wangu wanalala ndani ya kipya. Hicho kuukuu nilikifua kwa maji mengi mara tatu, nikakianika, nikakikunja mara mbili ili kiwe imara, nikakata vipande. Zipu nilizitoa kwenye magauni yaliyokufa. Kingo nikazifunga kwa masalia ya vitenge vya wateja. Alasiri moja nilishona vifuko kumi na viwili. Vyote kwa pamoja, mizani ya mnunuzi wa mahindi haikusogea.

Furaha alitaka tuandike majina kwa kalamu: dawa, nguo, sabuni. Mama hasomi, na vitu vya karibu havioni vizuri. Kwa hiyo nilishona kingo tofauti ili mkono wake ujue. Kifuko cha dawa kina ukingo wa jinzi, ule mgumu. Cha nguo za ndani, ukingo wa sufu laini. Cha siku ya kwanza, nilitumia kipande cha kitenge chenye nyuzi za kung'aa zinazokwaruza. Nilimfumba macho kwa kiganja changu nikamwambia atoe dawa. Akaipata mara moja, akanipiga kofi dogo la furaha.

Ikabaki mizigo ya majirani.

Niliogopa zamu hiyo kuliko mizani. Nikaanza na Mama Esperance. Nilipomrudishia furushi lake hakunikaribisha hata kukaa.

"Ju mama yako anaenda Ulaya, siye tumekuwa bantu ya kutupa?"

Nilirudi nikamweleza mama. Akachukua fimbo yake, akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, mimi nyuma nimebeba marundo. Kila mlango alikunja ngumi yake, akaionyesha.

"Unipatie kitu kimoja chenye kuingia mu mukono yangu hivi. Hicho nitabeba, na sitakiweka mu valizi. Nitakishika miye mwenyewe mpaka kwa mutoto yako."

Mmoja akatoa picha. Mwingine hereni. Mama Esperance aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na kofia ndogo ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Iliingia kwenye ngumi ya mama na nafasi ikabaki. Akaanza kulia, mama naye akalia, nikasogea pembeni na marundo yangu.

Vitu vyote vya majirani viliingia kwenye kifuko kimoja cha wavu.

Tukapima tena. La Furaha lilikuwa sawa. La mama likawa ishirini na nne na nusu.

Kilo moja na nusu iliyozidi kila mtu aliijua ilikotoka. Mama alikuwa ameweka furushi la kijani katikati ya sanduku, bila kulifungua, na vifuko vyangu akavizungusha pembeni.

Nikamwambia alitoe. Akakataa. Nikamwambia basi tulifungue tuone. Akakataa. Nilikuwa nimechoka, nimeaibika siku nzima, na moyoni nilikuwa na hasira ambayo haikuwa ya kilo. Nilikuwa na hasira kwamba anaondoka. Nikasema neno ambalo bado linaniuma.

"Mama, kule hakuna anayekimbia. Hayo ni matakataka tu."

Alilitoa furushi, akalirudisha nyuma ya mlango, akaenda jikoni kuchambua mboga.

Asubuhi yake nilifika mapema kuomba msamaha. Nikamkuta ameketi kwenye mkeka, furushi liko mbele yake. Akanionyesha nikae. Akafungua mafundo mawili, mbele yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kulikuwa na kisufuria kidogo. Kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni. Chumvi. Kipande cha sabuni. Wembe mpya kwenye karatasi yake. Na sweta la mtoto, jekundu, ambalo halijawahi kuvaliwa.

"Munyu," akasema, akiishika chumvi. "Tulikula mihogo bila munyu siku nne. Ulikataa kula."

Akashika kiberiti. "Moto tuliombaka kwa bantu."

Akashika wembe. "Furaha alizaliwa mu njia. Hatukukuwa na wembe. Walikata kitovu na ganda ya muanzi. Kila mwaka nanunuaka wembe mupya."

Wakuu, mimi nilikuwepo siku hiyo. Nakumbuka watu wamezunguka mama porini, nakumbuka wanawake wakiimba taratibu. Sikuwahi kujua habari ya ganda la mwanzi, na Furaha hajui mpaka leo. Hata humu hayupo, msijali.

"Na sweta, mama?"

"Ni yako. Pale kando ya ziwa ulitetemeka mpaka meno inapigana. Sikukuwa na kitu ya kukuvalisha. Franga ya kwanza nilipata hapa Nakivale, nilinunua hii."

Nikaliangalia. Lilikuwa la mtoto wa miaka saba. Tulipofika Nakivale na mama akaanza kupata vibarua nilikuwa nimeshafika kumi.

"Lakini haikunitosha, mama."

"Najua. Nilinunua ya ule mutoto alikuwa analia."

Niliomba msamaha baadaye, vizuri, lakini pale nilikaa tu nimeshika sweta.

Kumbe lile furushi lilikuwa orodha. Kila kilichokosekana njiani aliweka humo, kimoja kimoja, kwa zamu ya kukosekana kwake. Nilizunguka Mbarara kutafuta mtu wa kunifundisha kupanga mzigo, na fundi mwenyewe alikuwa anatembea pembeni yangu na macho yake ya matone.

Mama akagawa. Kisufuria, kiberiti, wembe na chumvi vikabaki kwangu. "Weye ungali hapa," akasema. "Munyu ubadilishake kila mwaka." Sabuni, sweta na kile kikwembe cha kijani akaviingiza kwenye kifuko chenye ukingo wa kukwaruza.

Mizani: ishirini na mbili na nusu. Siku ya safari masanduku yao yalipimwa, yakapita, hakuna aliyefungua kitu. Mama alipanda basi ngumi yake imeshika kifuko cha majirani. Alinipungia kwa mkono mwingine.

Haya, somo langu kwa mdau na wengine. Mifuko ya kunyonya hewa inapunguza ukubwa, haipunguzi kilo, na nafasi tupu ndani ya sanduku ni mtego kwa watu wenye ndugu wengi. Vifuko bora ni vyepesi na vinaonyesha kilichomo. Kama una fundi jirani, mpelekee wavu wowote na zipu za nguo kuukuu, utalipa kidogo kuliko dukani. Anza na vitu vya siku ya kwanza. Na mama yako akikuuliza swali mbele ya muuzaji, usicheke.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika leo.

Jana Furaha alinipigia kwa video. Alikuwa ananizungusha kuona nyumba yao mpya, jiko, dirisha, theluji nje. Alipofika mlangoni nikaona kitu sakafuni nyuma ya mlango. Kifuko changu cha chandarua, chenye ukingo wa kukwaruza, kimejaa.

Nikamwambia nipe mama.

"Mama, bado unafunga mzigo wa kukimbia? Huko pia?"

"Hapana," akasema. "Furaha, umuonyeshe."

Furaha akafungua zipu mbele ya simu. Sabuni mpya. Chumvi. Kikwembe cha kijani, kimekunjwa vizuri. Na sweta jekundu, zito, lenye lebo ya duka bado inaning'inia. Halikuwa lile la zamani. Lilikuwa la mtu mzima, mabega yangu kabisa.

"Hapa kuko baridi mingi," mama akasema. "Ni bintu yako ya siku ya kwanza."

Wakuu, faili langu bado linatembea mwendo ule ule, sijui litafika lini. Lakini mzigo wangu umeshafungwa.

Ninyi nanyi, kama kwenu kuna mzazi mwenye furushi nyuma ya mlango au chini ya kitanda, mwombeni awafungulie kwa upole, siyo kama nilivyofanya mimi. Halafu mje mtuandikie hapa chini mlikuta nini, nitasoma kila mmoja.